Nilivyopata kapcha kadi ya kurekodi Tekken bila kupoteza fremu

Nina kibanda cha gemu Tandika, Dar es Salaam, PS4 nne na TV nne, na kila Ramadhani baada ya tarawehe tunachezesha ligi ya Tekken 7, gemu ya kupigana ana kwa ana. FIFA ipo na ndiyo inayolipa kodi ya kibanda, lakini Tekken ndiyo inayojaza watu mpaka barazani. Miaka mitatu mfululizo fainali ilichezwa, watu wakapiga kelele mpaka majirani wakaamka, na asubuhi hakuna hata dakika moja ya kuonyesha. Iliniuma. Nikaapa kwamba ya mwaka unaofuata itarekodiwa vizuri, ionekane hata kidole kilichochelewa.

Kila niliyemuuliza kuhusu kapcha kadi, kifaa cha kuingiza picha ya gemu kwenye kompyuta ili irekodiwe, alinipa jibu lilelile: chukua iliyoandikwa 4K, yaani picha kali kuliko Full HD, huwezi kukosea. Ushauri huo ulinila miezi miwili na pesa ambazo sitaki kuzijumlisha.

Najua PS4 inarekodi yenyewe. PS4 ya kawaida inahifadhi picha ya 720p, HD ya chini, kwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, na ukiiacha ilivyo inashika dakika 15 za mwisho, ukiivuta inafika saa moja. Kwa bao la FIFA inatosha kabisa. Kwa Tekken haitoshi. Ile ngumi ya haraka kabisa, ya kubonyeza mraba mara moja, karibu kwa kila mpiganaji inachukua fremu 10 mpaka iguse. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo hapo tunazungumzia sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30, nusu ya ushahidi umeutupa. Vijana wangu walikesha wakirudia mechi za Arslan Ash wa Lahore, yule Mpakistani aliyechukua Evo Japan na Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, mwaka mmoja, 2019, na wanazisimamisha fremu kwa fremu kuona kabonyeza nini na wakati gani. Nilitaka wazitazame na za kwao hivyohivyo.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua kijiti cheusi, kidogo kama flashi, HDMI upande mmoja na USB upande wa pili. Kwenye boksi: 4K, tena kwa maandishi ya dhahabu. Elfu thelathini na kitu. Nikafika kibandani, nikachomeka, nikafungua OBS kwenye laptopu, ile programu ya bure ya kurekodi. Kiza. Sauti hakuna, picha hakuna.

Nikakirudisha. Muuzaji akakichomeka kwenye kompyuta yake, akaleta HDMI kutoka laptopu nyingine, picha hiyoo. "Kaka, kifaa kizima hiki, kaangalie PS yako." Nikapanda daladala nikarudi Tandika, kiza kilekile. Kesho yake nikaenda tena, akanibadilishia bila maneno mengi, na kipya nacho kiza. Nilibadilisha waya wa HDMI mara tatu. Nilifuta OBS nikaiweka upya. Nilifikia kuamini kwamba tundu la HDMI la PS4 limeungua, ingawa TV inaonyesha vizuri tu!

Aliyenitoa gizani ni dogo mmoja wa kidato cha tatu anayekuja Jumamosi. Alikuwa anazungukazunguka kwenye mipangilio ya PS4 akitafuta mambo yake, akafika kwenye sehemu ya mfumo, akaniita: "Kaka, hii HDCP ni ya nini? Ina tiki." Nikamwambia aitoe. PS ikajizima ikajiwasha, na nembo ya PlayStation ikatokea kwenye laptopu. Tulishikana mikono kama tumeshinda kombe. HDCP ni ulinzi wa kuzuia watu wasinakili filamu, na PS4 inatoka kiwandani HDCP ikiwa imewashwa. Ikiwa imewashwa, kapcha kadi hairuhusiwi kuona kitu, hata ingekuwa ya milioni. Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuzaji, anza hapo. Ila ukiizima, programu za filamu kama Netflix zinagoma mpaka uiwashe tena. Jumapili ile jirani yangu alikuja kutazama tamthilia yake, ikabidi nimrudishie pesa. Wenye PS3, huko hakuna tiki ya kutoa. Ulinzi unabaki palepale kwenye HDMI, na njia yenu ni waya wa komponenti, ule wa vichwa vitano vya rangi, pamoja na kapcha inayoupokea.

Picha ikawepo, lakini kijiti hakina tundu la kutolea. Ukiingiza waya wa PS4 ndani yake, TV inabaki haina kitu, na unalazimika kucheza ukitazama laptopu. Na picha ya laptopu inachelewa. Jaribu Tekken hivyo. Unabonyeza kuzuia, mkono unapanda wakati ushalala chini. Nikaongeza spilita ya HDMI, moja inaingia mbili zinatoka, waya mmoja kwa TV na mwingine kwa kijiti. Elfu ishirini nyingine. Hapo wachezaji wakacheza kwenye TV bila kuchelewa na laptopu ikarekodi pembeni. Kama shida yako ni FIFA au masomo ya kuonyesha skrini, ishia hapo, umemaliza.

Mimi sikuishia hapo, kwa sababu video ilikuwa na kitu sikipendi. Ukiitazama kwa kasi ya kawaida huoni, ila mwendo haukuwa laini. Muuzaji aliniapia ni fremu 60. OBS nayo nilikuwa nimeiweka 60, na faili lenyewe likasema 60. Nikabuni kipimo changu, na hiki najivunia. Niliingia kwenye uwanja wa mazoezi wa Tekken, nikasimama, nikapiga mraba mmoja, nikarekodi. Kisha nikafungua video kwa VLC, programu ya kutazamia video, nikasimamisha, nikawa nabonyeza herufi E. Kila ukibonyeza E, VLC inasogea fremu moja. Bega likaanza kutikisika. E. Picha ileile. E. Ikasogea. E. Ileile. Kila picha ilikuja mara mbili! Tangu bega litikisike mpaka cheche za kugusa nilihesabu picha tano tofauti, wakati zinatakiwa ziwe kama kumi. Faili linasema 60, lakini kilichomo ni 30 zilizorudufiwa.

Nikachukua tochi ya simu nikakitazama kijiti mdomoni. Plastiki ya ndani ni ya bluu, rangi ya USB 3.0, na ndiyo iliyonidanganya. Lakini vijibati vya dhahabu vilikuwa vinne. USB 3.0 ya kweli ina tisa: vinne mbele, na vitano vidogo nyuma kidogo ambavyo usipoinamisha tochi huvioni. Kile kilikuwa USB 2.0 iliyopakwa bluu.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile 4K ya boksi ni picha ambayo kijiti kinaweza kuipokea kwa HDMI. Kinachokuhusu wewe ni kile kinachotoka kwenda kwenye laptopu. Picha ya 1080p, yaani Full HD, kwa fremu 60, ikiwa haijakandamizwa, ni karibu gigabiti 2 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480. Haipiti hata kwa dua. Kwa hiyo vijiti hivi vinaikandamiza kila picha kama picha ya JPEG, na vingi vinapunguza na fremu kabisa. USB 3.0 ina gigabiti 5, pale inapita na nafasi inabaki. Zipo kapcha za USB 2.0 zinazofikisha 60 kwa haki, kama AVerMedia Live Gamer Mini, kwa sababu zinaikandamiza video zenyewe ndani kwa mbinu iitwayo H.264 kabla ya kuituma. Lakini hizo zinasema hivyo waziwazi, na bei yake si ya kijiti.

Nikaacha kuuliza wauza simu, nikaenda kwa watu wanaorusha harusi mubashara. Ndio wanaoishi na kapcha kadi mjini hapa, na nashangaa sikuwaza mapema. Yule niliyemfuata Keko alinipokea vizuri, akanionyesha zake, ila akasisitiza kwamba fremu 30 ni za kumtosha mtu yeyote. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini taratibu, namkubalia. Nilimwonyesha ile video ya ngumi, E kwa E, akanyamaza, akaingia stoo akatoka na Elgato HD60 S iliyokuwa na vumbi. Aliinunua zamani, laptopu yake ya wakati huo haikuwa na USB 3.0, akaitupa kabatini. HDMI mbili: moja ya kuingiza, moja ya kutoa kwenda kwenye TV moja kwa moja, na USB 3.0 kwenda kwenye kompyuta. 1080p, fremu 60. Tukapatana laki mbili kasoro kidogo.

Sikutoa pesa papo hapo. Nilirudi na PS4 kwenye begi pamoja na laptopu, nikaomba TV yake, tukafanya kipimo cha mraba. Kwanza picha haikuja kabisa, na nikataka kukata tamaa, kumbe waya wake wa asili ulishapotea na alikuwa amenipa wa kuchajia simu. Waya mwingi wa chaji una njia za USB 2.0 tu hata kama kichwa ni cha C. Akatafuta wa diski ya nje, picha ikaja. E, ikasogea. E, ikasogea. E, ikasogea. Nikahesabu kumi na kitu. Nikatoa pesa.

Kibandani laptopu yangu ina tundu moja tu la USB 3.0, upande wa kushoto, na miaka yote lilikuwa limekaliwa na mausi. Mausi ikahama. Kadi hii haikandamizi yenyewe, inaiachia kompyuta kazi hiyo, na i5 yangu kuukuu, ile chipu kuu ya laptopu, ilianza kuunguruma na kuruka fremu mpaka nilipoiambia OBS itumie Quick Sync, ile sehemu ya chipu ya Intel iliyotengenezwa kwa ajili ya video. Ikapoa. Naweka megabiti 12 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 5 na nusu. Diski ya nje ikabidi.

Ramadhani ikaingia, na nusu fainali ya kwanza nikaipoteza. Betri ya laptopu yangu ilishakufa, inaishi kwa chaja. Raundi ya tano, mbili kwa mbili, umeme ukakatika. Uliporudi nikakuta faili la GB 4, MP4, na hakuna programu iliyoweza kulifungua. MP4 inaandika maelezo yake ya kufungulia mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha; ukikatwa katikati, umebaki na mzigo usio na ufunguo. Vijana wale wawili walisimama nyuma yangu wakisubiri, na ilibidi niwageukie niwaambie haipo. Usiku uleule nikabadilisha OBS irekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video. MKV hata ikikatika, kilichoandikwa kinabaki. Ukimaliza, OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 kwa dakika moja bila kugusa ubora. Fanyeni hivyo kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla hamjanunua kadi.

Fainali ilichezwa kumi la mwisho, barazani watu wamesimama juu ya viti. Umeme ulikatika tena, mara moja, na MKV zote mbili zipo, ya kabla na ya baada.

Dogo wa kidato cha tatu alifika fainali akafungwa kwa raundi moja. Akalalamika kwamba pedi ilimgomea, alizuia ile ngumi kubwa ya Paul, mpiganaji wa mpinzani wake, na akabonyeza adhabu, pigo la kujibu, kwa wakati. Asubuhi yake alikuja kabla sijafungua. Tukakaa, nikampa laptopu, akaanza kubonyeza E mwenyewe, anahesabu kwa sauti. Ngumi imezuiwa. Paul yuko wazi. Moja, mbili, tatu... Bega lake la kwanza kutikisika lilikuja Paul ameshakusanya miguu. Akarudisha nyuma akahesabu tena. Kisha akaomba pedi, akaingia uwanja wa mazoezi, na hakutoka mpaka adhana ya adhuhuri.