Saa nane asubuhi ndiyo ipi?

Mama anaishi Pangani, ana kisukari, na kliniki walimpa karatasi ya maelezo ya dawa, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Mwenzangu kazini akaniambia, "Piga picha, akili mnemba itafsiri, mtumie bi mkubwa, kwisha kazi." Kwisha kazi!

Nikafanya hivyo hivyo. Ikaja tafsiri iliyonyooka kuliko Kiswahili changu: kidonge kimoja cha metformin saa 8 asubuhi, kimoja saa 8 usiku, pamoja na chakula. Nikaituma bila kuisoma mara mbili. Siku ya tatu mama kapiga simu, sauti ya mtu aliyekesha.

"Baba, saa nane asubuhi haipo, nimeifanya ya mchana. Sasa hii ya usiku, kila siku niamke nipike?"

Kumbe mashine imebeba saa za Kizungu kama zilivyo. Saa mbili yetu imeiacha nane. Na mama kwa utiifu wake alitega kengele, akaamka usiku wa manane, akameza dawa na kiporo cha muhogo. Usiku wa pili hata kiporo hakikuwapo, tumbo likamvuruga hadi adhana ya alfajiri. Ajabu ni kwamba saa kumi na mbili kati ya dozi na dozi alizipatia barabara!

Nikaacha kuomba tafsiri. Nilikunja karatasi juu, jina na namba ya faili visionekane, nikaandika: mweleze bibi wa pwani, usitaje saa hata moja, taja mlo. Ikajibu: "Kimoja ukila cha asubuhi, kimoja ukila cha usiku." Halafu, hapa najisifu, nikafungua mazungumzo mapya, nikaomba maelezo hayo yarudishwe Kiingereza, nikalinganisha na karatasi mstari kwa mstari. Ilikuwa imeruka onyo zima: ukitapika au kuharisha mfululizo, wahi kliniki. Mfamasia wa mtaani akapitia yote kwa bei ya soda. Bando lilikula kama elfu tatu, sikuhesabu.

Sauti ya mashine mama aliikataa, "huyu mzungu simjui," nikarekodi yangu WhatsApp, dakika moja na nusu. Aliipenda mno, akamrushia kila jirani mwenye sukari. Ikabidi nirekodi upya, nikianza na: "Dozi hii ni ya mama peke yake, jamani."