Kabla hujanunua hita nyingine

Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, wizara zilipokuwa zinahama, nikiamini kuoga maji ya moto ni mambo ya watu wa Njombe. Julai ilinitoa ujinga. Upepo wa alfajiri Ilazo unapita mpaka kwenye mifupa. Wiki hiyohiyo nikafunga hita ya kwenye shawa.

Ile ya kwanza haikumaliza mwaka. Maji yalianza kupungua taratibu, yakawa yanatoka ya moto mpaka yanaunguza, kisha siku moja yakaja baridi moja kwa moja. Fundi akaja, akaitazama, akasema, "Mama, koili imekatika, chukua nyingine tu." Nikachukua. Koili ni ule waya wa ndani unaopasha maji. Hakuniambia imekatika kwa nini, na mimi sikuuliza.

Ya pili ilipogoma, fundi hapatikani. Mzee jirani yangu, mstaafu aliyefanya kazi ya mabomba maisha yake yote, alikuwa amekuja kuazima ngazi. Akaniuliza, "Mwanangu, umeshaifungua hata mara moja?" Shikamoo yangu ilikuwa bado haijapoa, nikaona aibu.

Akazima umeme kwenye meini swichi, siyo pale bafuni tu. Akafungua kwa mkono ile sahani ya hita yenye matundu ya kutokea maji. Upande wa ndani ulikuwa na ukoko mweupe, kama ule wa chini ya birika la umeme, na matundu zaidi ya nusu yamezibwa. Watu wa hapa tunasema ni chumvi, lakini ukoko ule hasa ni chokaa: maji ya visima vya huku yana madini mengi, na yakipashwa moto chokaa inaganda. Matundu yakiziba, maji yanapita kidogo, koili inapata joto kupita kiasi, inakatika. Hiyo ndiyo iliyoiua ile ya kwanza.

Dawa yake ni siki. Loweka sahani usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Matundu sugu toboa kwa kijiti cha meno, siyo sindano, utayapanua. Mimi nafanya hivyo kila baada ya miezi miwili.

Lakini hii ya pili ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ndani ya hita kuna mpira unaosukumwa na maji ili umeme uwake. Maji yakija bila nguvu, haiwaki kabisa. Mzee akafungua pale bomba linapoingilia, akatoa kichujio kidogo kama kifuniko cha kalamu. Kimejaa mchanga na kutu. Maji ya mgao yakirudi baada ya siku mbili, huja na uchafu wote wa njiani. Siku hizi yakirudi nafungulia kwanza koki ya nje mpaka yatakate, ndipo naruhusu yaingie kwenye tangi.

Kama kichujio ni safi na bado haiwaki, tazama tangi lako. Mnara wa mita tatu na shawa iko mita mbili juu, msukumo unaobaki ni wa mita moja tu. Hapo hakuna hita ya kulaumu. Inua tangi au weka pampu ndogo.

Umeme sasa, maana hapo sina utani. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Waya mwembamba wa taa utaungua ndani ya ukuta. Na ule waya wa kijani na njano lazima uende ardhini kweli. Maji yenye madini mengi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo ukigusa koki ukahisi hata kamtekenyo, toka, zima, ita fundi wa umeme. Usiendelee kuoga eti kwa sababu umevaa kandambili.

Ile hita ya pili bado ipo ukutani. Ngazi ndiyo mzee hajarudisha.