Pauni 280 za mguu mmoja

Jana, kwenye banda ninalotunza farasi huku Uingereza, nimesimamishwa mbele ya wenzangu nikaonyeshwa bili ya daktari wa mifugo: pauni 280. Mguu mmoja wa farasi, dawa na nauli ya daktari. Mlioko kwetu Njoro, Kenya, pigeni hesabu wenyewe, hapo unanunua punda wangapi. Hela si zangu. Kilichoniuma ni swali la msimamizi: "Kwani kwenu mlikuwa na farasi?"

Hatukuwa na farasi. Tulikuwa na punda wawili wa kubeba maji, na baba hakukubali walale miguu mibichi. Tope la Njoro la mwezi wa nne mnalijua, likishika gambuti haliachii. Tuliwaacha punda wakauke kwanza, ndipo tukawasugua polepole kwa gunzi la mahindi.

Huku kaskazini mwa Uingereza mvua haijanyamaza tangu Oktoba, na amri ya bandani ilikuwa kila jioni farasi waoshwe miguu kwa paipu ya maji, kisha wafungiwe bandani wakiwa bado wanachuruzika. Nilisema mara mbili kwamba tunawaumiza. Nikaambiwa nifuate utaratibu. Wiki ya tatu jike mwenye miguu myeupe akaanza kukanyaga kwa kusitasita. Nikapitisha vidole nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato, pale panapokunjika: vigaga vigumu kama ukoko wa ugali, chini yake ngozi nyekundu yenye majimaji, na mguu unachoma.

Daktari alitaja bakteria, Dermatophilus congolensis. Jina lenyewe limebeba Kongo, na ng'ombe wetu nyumbani huugua kwa huyo huyo. Ngozi nzima na kavu humshinda. Husubiri ilainike kwa maji au ikwaruzwe. Akaagiza paipu ya kila jioni ikome. Hakuna aliyenigeukia kusema pole.

Sasa tope linaachwa likauke, linatolewa kwa brashi laini kufuata nywele zilivyolala. Ikilazimu kuosha, unakausha kwa taulo mpaka ndani ya ule mkunjo. Wale farasi wazito wenye manyoya marefu miguuni ndio wenye kazi, maana manyoya huficha kidonda na utitiri hujibanza humo. Macho hayatoshi, lazima uguse. Mafuta ya kukinga hupakwa kwenye ngozi safi iliyokauka, la sivyo umefungia unyevu ndani. Brashi ya mgonjwa haimgusi mwingine. Na kigaga kikavu usikibandue kwa nguvu, mnyama anasikia uchungu kama wewe.

Wadogo zangu mnaoniandikia kuhusu kazi hizi, kabla ya kumlipa ajenti ulizeni kama kodi ya nyumba inakatwa kwenye mshahara. Yangu inakatwa, na sikuambiwa. Lakini kama unaweza kuinua mguu wa punda bila kupigwa teke, usikubali mtu akwambie hujui kitu.

Leo asubuhi mwenye yule jike, mama wa makamo, amekuja na furushi la taulo kuukuu kutoka kwake. Akachuchumaa kando yangu kwenye nyasi kavu, akaomba nimwonyeshe pa kushika. Nikauchukua mkono wake nikauweka nyuma ya mguu. Vigaga viwili vilikuwa vimeshaanguka vyenyewe, na nywele mpya zinaota, fupi, laini, tukazigusa wote wawili.