Siku moja maishani mwangu: kuwarudisha Mzee na Mama Kinangop

Saa kumi na moja alfajiri

Kayole bado giza. Natazama hewa kwenye magurudumu, maji ya rejeta, kisha nakunjua turubai lote chini nilikague kwa tochi. Lina tundu moja, naliziba. Leo napanda Kinangop, kule Nyandarua, na huko mvua hainyeshi kwa kupangiwa.

Mimi ni dereva wa kenta, lori dogo la mizigo, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikihamisha watu hapa Nairobi. Wengi hutoka mtaa mmoja kwenda mwingine: Pipeline kwenda Utawala, Umoja kwenda Ruai. Safari ninazozipenda kuliko zote ni za wanaorudi nyumbani kabisa, na leo ninayo moja.

Saa kumi na mbili na nusu

Umoja, ghorofa ya tatu. Mzee amefikisha miaka 60, amestaafu ufundi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Mama ameuza mboga hapo chini ya jumba tangu watoto wakiwa wadogo. Vijana wa jirani wanateremsha vitu, mimi napanga.

Mzigo huniambia mengi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nimebeba watu waliokuwa na sofa za kujaza kenta nzima na hawana jembe hata moja. Hawa wana kitanda, makochi mawili, meko, sanduku la spana za Mzee lililotushinda watu wawili, na mitungi kumi na minne ya lita 20. Mitungi imesuguliwa ikang'aa, vifuniko vyote vipo, imepitishwa kamba masikioni kama samaki waliotungwa.

"Mama, hii yote?"

"Yote, mwanangu. Hii ndiyo imenilelea watoto."

Anayeishi Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, hahitaji kuelezwa. Mgao wa maji ukija usiku wa manane, unaamka kujaza, ama wiki nzima ununue kwa mkokoteni.

Msimamizi wa jumba anapita ukutani akihesabu matundu ya misumari. Mwisho anasema mwenye nyumba hatarudisha pesa za amana hata shilingi, zitapaka rangi. Mzee alipaka rangi ile nyumba mwenyewe Desemba iliyopita. Ananyamaza, anadai tu barua ya kuonyesha kwamba hana deni la kodi, maana polisi wakitusimamisha na vyombo vya nyumba watauliza. Barua anapewa. Mimi roho inaniuma. Nimeliona hili mara nyingi mno, na anayeumizwa ni yule aliyelipa kila mwezi bila kukosa.

Mama anamwachia jirani magunia mawili ya sukumawiki aliyopanda kwenye roshani. Wanashikana mikono muda mrefu. Mimi naenda kukaza kamba ambazo tayari zimekaza.

Saa mbili na nusu

Outering imefungana. Tunaambaa hadi Thika Road, tunashika Northern Bypass mpaka Ruaka, kisha Western Bypass inayotutoa Gitaru. Mzigo wa nyumba siupitishi katikati ya jiji ikiwa naweza kuuzungusha.

Mzee yuko dirishani, Mama katikati, na tunazungumza. Namuuliza Mzee walianza lini kuhama. Anasema miaka sita iliyopita. Mwaka wa kwanza walichimba choo na kupanda miti ya kukinga upepo. Uliofuata, tangi na mabati. Kisha vyumba viwili vya mbao, kisha ng'ombe aliyemwachia ndugu yake amfuge. Kila Aprili na kila Desemba Mama alikuwa huko, analala, anakwenda kanisani, anajuana na majirani upya. Hata dawa zake za presha alishauliza: kuna hospitali katika mji wa Engineer, na ameshaifika.

Hapo nafurahi kwelikweli, kwa sababu nimewaona wengine. Corona ilipoingia, Nairobi ilifungwa Aprili 2020, hakuna kutoka wala kuingia. Ilipofunguliwa Julai nilifanya kazi usiku na mchana. Watu walikuwa wamepoteza vibarua, kodi imewalemea, wanarudi kwa wazazi na watoto ambao hawajawahi kulala kusiko na stima. Familia moja niliipeleka Julai na Novemba nikairudisha. Baba wa familia ile aliniambia kilichomtoa si kazi ya shamba. Ni kukaa kwenye nyumba ya kaka yake kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini. Maneno yale sijayasahau.

Saa nne na nusu

Rironi, Limuru, Uplands. Kimende ukungu umeshuka hadi kwenye lami, nawasha taa. Nairobi tumeiacha kwenye mita 1,700 na kitu, na huko tuendako ni zaidi ya mita 2,400. Mwili unalijua hilo kabla ya kuambiwa. Mama anatoa sweta mbili kwenye mkoba, moja ananipa mimi.

Kwenye njiapanda ya Flyover tunakata kulia. Sokoni kabichi zimepangwa kama ukuta. Tunanunua mahindi ya kuchoma, tunaendelea.

Kabla ya Njabini Mzee ananionyesha upande wa milima ya Aberdare. "Kule ndiko Sasumua." Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1950, na maji yake huteremshwa mpaka Nairobi. Mama anageuka kutazama nyuma, kwenye mitungi.

Saa sita na robo

Njia ya mwisho ni tope jeusi. Nashuka, naipima kwa miguu, naingia kwa gia ya kwanza. Langoni kuna watu kumi na wawili hivi. Mmoja amekuja na mkokoteni wa punda, mwingine na birika la chai. Nusu saa tu, kenta imebaki tupu. Mtoto mdogo anauliza mitungi yote hii ni ya nini, na Mama anamwonyesha bomba la tangi, analifungua, analifunga, analifungua tena.

Tunakula mukimo. Mzee hajakaa. Yuko shambani na ndugu yake, amefukua shina moja la viazi vya shangi, anapangusa udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba taratibu kama mtu anayesoma maandishi. Nimeona wastaafu wengi wakishuka kwenye gari langu wakiwa hawajui waweke wapi mikono. Huyu mikono yake ina kazi tayari.

Ninapoondoka Mama ananifungia mitungi miwili nyuma ya kiti. "Wewe bado uko kule," ananiambia.

Saa nane na nusu

Kurudi mtupu ni hasara ya dizeli. Flyover napakia kabichi za kupeleka soko la Marikiti, Nairobi, nateremka polepole.

Saa mbili usiku

Nimeshusha, nimelipwa, nimesafisha majani ndani ya bodi. Nampigia mke wangu, yuko kwetu Kakamega tangu Januari na watoto. Huwa tunazungumza habari za siku. Leo namuuliza vipimo vya choo, ukubwa wa tangi, na kama ile miche ya gravilia imeshika. Anasema mitatu imekauka, iliyobaki inaendelea. Namwambia Aprili nakuja, na safari hii nitakaa wiki mbili, si siku mbili.

Saa tano na nusu

Nimeshalala nasikia bomba la uani linakohoa. Mgao umefika. Navaa viatu, nachukua mitungi ya Mama, nashika foleni nyuma ya majirani.