Lami Iliyokataa Mafuta ya Taa

Msimu wa kusi, Sahare, Tanga. Mashua imelazwa ubavu mchangani, inangoja kupakwa chini. Zamani ingepakwa shahamu na chokaa. Mwenye chombo akataka lami. Pipa alilonunua halikuwa na maandishi, nasi hatukuuliza. Nyeusi ni nyeusi.

Fundi akapima kama alivyozoea kwa lami ya barabara: kilo 10 kwa lita 5 za mafuta ya taa, debe juu ya mafiga. Ikalegea, ikakorogeka, ikang'aa. Tukaipua. Kufika adhuhuri imejitenga: donge gumu chini, na juu mafuta ya taa ya kimanjano tu.

"Moto haujatosha, mwanangu. Rudisha," akasema fundi.

Kiswahili ndicho kilichotuponza. Barafu juani tunasema imeyeyuka, na sukari kwenye chai imeyeyuka, ilhali ni mambo mawili. Moto uliilegeza lami, haukuifanya imumunyike. Mafuta yakiwa moto hubeba kidogo zaidi, yakipoa huitema. Tena mvuke wa mafuta ya taa huweza kushika moto kuanzia nyuzi 40 hivi, nasi tulishapita huko kitambo. Ndimi zilipopanda ukingoni tulilifunika debe kwa bati.

Harufu ingetosha kutuonya: vile vidonge vyeupe vya kabatini. Ile ilikuwa lami ya makaa ya mawe, si ya mafuta ghafi. Molekuli zake ni pete zilizoshikamana, na mafuta ya taa kwa sehemu kubwa ni minyororo. Havipatani hata uchemshe. Tia kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi katika glasi ya mafuta ya taa: lami ya mafuta ghafi huyafanya kahawia iliyokoza, ya makaa huyaacha manjano.

Makaa ya mawe yenyewe ni makaidi zaidi. Bottrop, Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili, yaliyeyushwa kwa mchanganyiko wenye tetralini, kimiminika cha pete, nyuzi zaidi ya 400, shinikizo la angahewa zaidi ya 100. Joto hilo huvunja vifungo vya makaa, na tetralini hutoa haidrojeni ya kuziba palipovunjika. Ikikosekana, vipande hushikana upya vikawa koki, masalio magumu ya kaboni.

Sisi tuliponea kwa zailini, kimiminika cha kuyeyushia rangi, nayo ni ya pete. Lami tuliivunja alfajiri, maana mchana hunata kwenye nyundo. Kilo 1 kwa lita 1, debe limefunikwa, juani, mbali na jiko na sigara: zailini hutoa mvuke wa kushika moto kwenye joto la kawaida la Tanga. Kivulini ingechukua siku nzima; juani saa chache, maana hapo joto lilikuwa linaharakisha kinachowezekana. Zikabaki chembe kama masizi, tukachuja kwa kanga kuukuu.

Fundi alivunja lami kifua wazi. Vumbi lake likikaa kwenye ngozi, jua hulifanya liwashe kama pilipili. Mashua aliipaka siku ya tatu, amevaa kanzu ya mikono mirefu, mtandio wa mkewe usoni.