Waliosubiri na tusiosubiri

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, huniona sina ladha kila nikisema kwamba Crossroads of Twilight ni kitabu kinachosomeka. Ni kitabu cha kumi katika mfululizo wa The Wheel of Time wa Robert Jordan, kilitoka Januari 2003, na kwa wasomaji wa rika lake ndicho kitabu kilichovunja ahadi. Mimi nilikisoma mwaka 2014, kwa siku nne za likizo, nikaona kwamba mwendo wake ni wa pole, ila sikuona kosa la kumfanya mtu mzima arushe kitabu ukutani, jambo ambalo yeye mwenyewe anakiri kulifanya. Tumebishana juu yake kwa miaka, na siku hizi naamini kwamba hatubishani juu ya kitabu kimoja.

Kwa ambaye hajaufikia mfululizo huu, Robert Jordan ni jina la kalamu la James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston huko Marekani, aliyepigana Vietnam kabla ya kuwa mwandishi. Kitabu cha kwanza kilitoka Januari 1990, na cha kumi na nne, ambacho ndicho cha mwisho, kilitoka Januari 2013, miaka zaidi ya mitano baada ya mwandishi mwenyewe kufariki. Jumla yake ni zaidi ya maneno milioni 4. Kisa kinamfuata Rand, kijana mfugaji wa kijijini anayegundua kwamba ndiye aliyetabiriwa kupigana vita vya mwisho, na kwamba nguvu iliyomo ndani yake humtia wazimu kila mwanamume anayeitumia. Vitabu sita vya kwanza vilitoka ndani ya miaka mitano, kimoja kikikimbizana na kingine, na nadhani hapo ndipo wasomaji walipozoeshwa vibaya, kwa sababu baada ya mwaka 1994 mwandishi alipunguza mwendo na visa vikazidi kutawanyika.

Chukua mambo mawili tu. Mwishoni mwa kitabu cha saba, kilichotoka mwaka 1996, ukuta unamwangukia Mat, mhusika ambaye wengi wanampenda kuliko Rand mwenyewe. Kitabu cha nane kikatoka mwaka 1998, na Mat hatajwi kuwa wapi wala katika hali gani, hayumo kabisa. Habari zake zilikuja kupatikana katika kitabu cha tisa, Novemba 2000. Mimi nilikaa na wasiwasi huo kwa takriban wiki mbili, nikijua kwamba kitabu kinachofuata kiko kwenye rafu. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma chuo Uingereza wakati huo na kununua kila kitabu kikitoka, alikaa nao miaka minne, akaanza chuo na kumaliza ukuta ukiwa bado juu ya Mat. Jambo la pili ni Faile, mke wa Perrin rafiki yake Rand, anayetekwa mwishoni mwa kitabu cha nane na asikombolewe hadi cha kumi na moja. Kwangu hiyo ni sehemu ndefu yenye kuchosha kidogo. Kwao ni kuanzia mwaka 1998 hadi 2005.

Ndipo kikaja hicho cha kumi. Kitabu cha tisa kilikuwa kimefungwa kwa tukio kubwa ajabu, pale Rand na wenzake wanapoisafisha nusu ya nguvu ile, nusu ya wanaume, iliyokuwa imetiwa uchafu kwa maelfu ya miaka. Msomaji wa wakati ule alisubiri miaka miwili na miezi miwili ili ajue nini kilifuata, akafungua kitabu kipya, na akakuta sehemu kubwa yake inarudi nyuma: mhusika huyu, kisha yule, kisha yule mwingine, kila mmoja mahali pake, anahisi kwa mbali kwamba kuna jambo kubwa linatendeka na hajui ni nini. Rand mwenyewe anaonekana kwa kurasa chache tu. Nikikisoma mara moja baada ya cha tisa, mpango huo una uzuri wake, kwa kuwa tukio lile lile linatazamwa kutoka pembe zote za dunia na ukubwa wake unaongezeka. Lakini sikupungukiwa na chochote nilipokuwa nikiusifu. Kaka yangu alikuwa amelipa kwa miaka miwili, na alichopewa ni habari aliyokuwa nayo tayari. Na bado kitabu hicho kilipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya New York Times, maana waliolalamika ndio hao hao walionunua.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazetini tunalijua neno «itaendelea» na utamu wake. Juma moja la kusubiri humfanya msomaji ajitungie mwisho wake mwenyewe, na sehemu mpya ikija, anaisoma huku akiilinganisha na ile aliyoitunga. Miaka miwili hufanya hivyo hivyo kwa kiwango ambacho hakuna mwandishi anayeweza kushindana nacho.

Si kila tofauti inaelezwa na kusubiri, hata hivyo. Kuhusu wanawake wa Jordan, wasomaji wa kila rika wamegawanyika, na sisi wanawake tumegawanyika zaidi. Katika dunia hiyo Aes Sedai, chama cha wanawake peke yao, ndio wenye elimu ya nguvu ile, na wafalme huwaogopa. Kwa riwaya ya fantasia ya mwaka 1990 hilo halikuwa jambo dogo. Lakini wanawake hao hao wanaandikwa wakinuna, wakikunja mikono na kuwadharau wanaume kwa maneno yanayorudiwa mpaka yanakera, na rafiki yangu mmoja aliacha kusoma katika kitabu cha tano kwa sababu ya Nynaeve kuvuta msuko wa nywele zake kila anapokasirika. Namwelewa, ila namtetea Nynaeve. Kijijini kwao msichana hasuki nywele kwa namna hiyo mpaka baraza la wanawake limhesabu kuwa mtu mzima, naye alipewa uganga wa kijiji akiwa kijana mno, mbele ya wazee waliomwona mtoto. Akiuvuta msuko huo, mimi namwona mtu anayehakikisha kwamba cheo chake bado kipo. Kwamba Jordan angeweza kutuonyesha hayo kwa mara chache zaidi, sipingi.

Mgawanyiko wa mwisho ulikuja baada ya kifo chake, Septemba 2007. Harriet McDougal, mjane wake na mhariri wake, alisoma maneno ya rambirambi aliyoyaandika kijana Brandon Sanderson, akamkabidhi kazi ya kumaliza. Kitabu kimoja kilichokusudiwa kikawa vitatu, na mwendo ukarudi. Kuna walioshukuru, na kuna wasioweza kumsamehe kwa Mat wa kitabu cha kumi na mbili, ambaye ucheshi wake umegeuka kuwa mizaha. Sanderson mwenyewe amekiri kwamba hakumpatia vizuri hapo mwanzo. Hapa mimi na kaka yangu tulibadilishana nafasi. Mimi niliyekuwa nimeisikia sauti ya Jordan mwezi mzima bila kukatizwa niliishtukia mara moja sauti ngeni, na nilikasirika. Yeye aliyekuwa hajamsikia Mat tangu mwaka 2005 alifurahi tu kwamba kisa kinasonga.

Vitabu vyake vya zamani aliviacha nyumbani kwetu. Katika cha tano, kilichotoka mwaka 1993, mhusika aitwaye Asmodean anafungua mlango, anamtambua aliye mbele yake, anauawa, na msomaji haambiwi muuaji ni nani. Mashabiki walibishania jambo hilo kwa miaka 17, hadi jibu lilipowekwa kimyakimya kwenye faharasa ya kitabu cha kumi na tatu. Nilipolisoma, nilikwenda kukichukua hicho cha tano, na ndani ya jalada la nyuma nikakuta majina manane kwa penseli, kwa mwandiko wa kaka yangu. Nikampigia simu kumsomea.

«La tatu ndilo,» nikamwambia. «Lakini umelifuta.»

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, «Mdogo wangu, nimelifuta kwa mstari mmoja au miwili?»