Kuzamia Kigoma: Hesabu za Baharini Ziache Dar

Meli mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuzama Ziwa Tanganyika haiko chini ya maji. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa reli hadi Kigoma na kuungwa upya, ikashushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ndiyo Liemba. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya kuzamia “meli ya Mjerumani”, muulize ipi. Hedwig von Wissmann nayo ilizamishwa 9 Februari 1916, lakini huko ni ziwani katikati. Ziwa hili linafika kina cha mita 1,470, na mzamiaji wa burudani mwisho wake ni mita 40.

Kinachobaki ni miamba ya ufukweni na maboti ya mbao yaliyozama karibu na mialo ya wavuvi. Vinatosha kabisa. Wengi wanaokuja wakitokea Mafia, Pemba au Unguja hukwama mahali pengine: wanaingia ziwani na hesabu za baharini.

Anza na mkanda wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo ziwani unaelea kidogo kuliko baharini. Mtu ambaye pamoja na mtungi, suti na vifaa vyake vyote ana kilo 100 apunguze karibu kilo 2.5. Kisha apime: asimame wima kwenye maji ya kina, jaketi la kuelea halina hewa ndani, avute pumzi ya kawaida na kuishikilia kidogo. Maji yakimfika machoni, uzito uko sawa. Jaribio hili ni la mtungi uliokaribia kwisha, wenye bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo). Ukipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa utakayoivuta ina uzito wake, na mwisho wa mzamo mtungi utakuwa mwepesi.

Asiyepunguza uzito hujaza hewa jaketini ili asizame. Ufuko wa Kigoma wenye miamba hushuka kwa ghafla. Hatua chache kutoka nchi kavu tayari uko kwenye kina cha maana. Akiteleza mita chache chini, hewa ile inabanwa, naye anazidi kuzama. Akipanda, inatanuka na kumrusha juu. Maji yakiwa meupe macho hudanganyika, huoni kama umeshuka. Tazama kipimo cha kina, usitazame mwamba.

Na kipimo chenyewe nacho hudanganya. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za kuzamia nyanda za juu huanza mita 300. Shinikizo la hewa hapa ni kama bar 0.92, si 1.01 ya baharini. Kipimo cha mshale kilichorekebishwa kwa bahari, ukiwa mita 30 kwelikweli, kitasoma mita 28 na kitu. Kosa linaelekea upande wa hatari. Anayetumia jedwali la kuzamia, linaloonyesha muda salama kwa kila kina, agawanye kina halisi kwa 0.91: mita 18 ahesabu 20, mita 30 ahesabu 33. Kasi ya kupanda ya mita 9 kwa dakika ishuke hadi 8. Kompyuta nyingi za kuzamia hujirekebisha zenyewe, mradi uiwashe ukiwa juu, kabla haijagusa maji, na uichagulie mpangilio wa maji yasiyo na chumvi. Ukiiwasha ukiwa tayari chini, haina njia ya kujua shinikizo la hewa ya Kigoma.

Aliyetua kwa ndege kutoka Dar asubiri saa 6 kabla ya mzamo wa kwanza. Aliyekuja na treni hana haja. Amepita Tabora, iliyo juu zaidi ya Kigoma, na mwili umeshazoea. Kurudi ndiko kwenye mtego, kwani kupanda mahali pa juu mapema baada ya mzamo kunaweza kuleta ugonjwa wa wazamiaji. Tabora iko kama mita 1,200, na barabara ya Kasulu nayo inapanda. Watu hukumbuka ndege wakasahau treni. Itendee safari ya nchi kavu kama ndege: saa 12 baada ya mzamo mmoja, 18 kama umezamia mara kadhaa.

Mahali? Upande wa Katonga na Jakobsen kuna miamba, na hapo ndipo samaki wadogo wa rangi walipo, kila aina na mwamba wake. Penye mchanga utaona vishimo vya duara: ni madume wanatengeneza viota, usivikanyage kwa mapezi. Kuhe akiwa na makinda hukufuata kukufukuza, ondoka tu. Epuka mdomo wa Luiche na kila penye matete. Huko ni tope, mamba na viboko. Kabla ya kuingia popote, waulize wavuvi wa mwalo huo, maana mamba huhama. Nyoka wa majini hajali watu, ila usitie mkono shimoni.

Viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, waambie saa na eneo la mzamo. Bendera ya wazamiaji haimwambii kitu mvuvi wa dagaa, lakini boya jekundu alilolijua asubuhi atalikwepa. Usizamie karibu na nyavu za makila, zile za kunasia samaki. Ukinasa, simama. Usigeuke, kugeuka kunaufunga wavu kwenye valvu ya mtungi. Rudi nyuma taratibu, mwenzako akate. Kwa nailoni mkasi unashinda kisu.

Boti la mbao ziwani halina wale wadudu wanaotoboa mbao baharini, hivyo umbo lake hudumu. Misumari ndiyo huoza. Ubao unaoonekana mzima unaweza kukuangukia, na tope likitimka hutaona mkono wako. Zunguka nje. Kuingia ni kwa aliyefundishwa, mwenye kamba na tochi mbili.

Hewa: kompresa ya gereji haifai, kwani haifiki bar 200 na hewa yake ina mafuta. Oksijeni ya hospitali usiijaze kwenye mtungi wa kuzamia. Ukipita kina cha mita 6 inaweza kuleta degedege. Oksijeni ni ya huduma ya kwanza ufukweni. Mtungi wa lita 10 wenye bar 200, kwa lita 15 kwa dakika, unampa mgonjwa saa 2 na dakika chache. Chemba za shinikizo za kutibu wazamiaji ziko pwani ya Bahari ya Hindi, basi panga usafiri kabla.

Kichocho: dawa ya praziquantel haiui minyoo michanga, hivyo kuimeza kesho yake ni kupoteza. Kapime baada ya wiki 6 hadi 8, na mwambie daktari uliogelea Tanganyika.